Kikombe Bila Sukari Si Uzungu

Ukitoka Mwihoko ukienda tao, kabla matatu haijashika Thika Road vizuri, jirani yako ni mtaa unaoitwa Kahawa Sukari. Kuna Kahawa Wendani, kuna Kahawa West, halafu kuna hiyo ya sukari. Kahawa naelewa. Upande huu wote, kutoka Kahawa mpaka Ruiru mpaka Thika, ulikuwa mashamba ya kahawa ya walowezi, na mengine bado yapo ukitazama vizuri nyuma ya maghorofa. Kituo cha utafiti kilichotoa kahawa ya Ruiru 11 mwaka wa 1985 kiko hapa hapa Ruiru. Lakini sijawahi kusikia mtu akiuliza mbona sukari imefuata kahawa kama jina la ukoo. Tunaona ni sawa tu. Kitu cha moto, sukari. Ni kama chumvi na ugali wa watu wengine.

Nauliza kwa sababu ni miezi sasa napika chokoleti ya moto bila sukari, na kila mtu kwenye ploti ana maoni. Wengine wananiambia hiyo ni diet ya wazungu. Wengine, hasa wazee, wananiambia si mila yetu, mtu hanywi kitu kichungu kama amelaaniwa. Hiyo ya diet naweza kucheka nayo. Hiyo ya mila ndiyo inanikera, kwa sababu sukari kwenye kikombe chetu ina tarehe yake, ina barabara iliyopitia, na ina watu waliotengeneza pesa nayo. Ukianza kufuata tarehe, utagundua mila unayoitetea haina hata miaka mingi kuliko shosho yako.

Tuanze hapa Kiambu. Wagikuyu walikuwa na utamu, usidanganywe. Walikuwa na asali, walikuwa na miwa, ile wanaita kigwa. Lakini angalia ilikoenda. Miwa na asali zilienda kwenye pombe, muratina ya wazee, ile ya ruracio na ya kumwagia mizimu. Mtoto alitafuna muwa shambani, basi. Kinywaji cha kila siku, kile cha asubuhi na cha mchana shambani, kilikuwa ucuru, uji wa mtama au wimbi au mawele, na mara nyingi ulikuwa umelazwa ukachachuka. Ulikuwa mkali. Hakuna mtu aliyeutia vijiko vinne vya kitu cheupe, kwa sababu kitu cheupe hakikuwepo. Mgeni akija alipewa huo uji kwenye kibuyu, na aliona ameheshimiwa.

Pwani ni hadithi tofauti kidogo, na nitarudi huko, lakini hata wao walijua sukari kama zao la shamba mapema kuliko sisi. Pangani, Tanzania ya leo, ilikuwa na mashamba ya miwa karne ya 19, na yalilimwa na watumwa. Abushiri, yule aliyepigana na Wajerumani mwaka wa 1888 wakamnyonga mwaka uliofuata, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Tunamsoma shuleni kama shujaa, na ni sawa, lakini hakuna mwalimu aliyetuambia kuhusu miwa. Kumbuka tu hili la watumwa na miwa, maana litatokea tena mbele.

Sukari ya kupima dukani ilifika bara na reli. Reli ilianza Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901, na kila penye stesheni paliota duka. Allidina Visram, Mhindi aliyekuwa na maduka mengi kando ya reli mpaka Uganda kabla hajafa 1916, ni jina moja tu kati ya mengi. Chumvi, vitambaa, mafuta ya taa, sukari. Majani chai nayo yalipandwa Limuru mwaka wa 1903, kama mchezo tu wa mlowezi mmoja anaitwa Caine, na miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaingia Kericho kwa nguvu. Miwa: kiwanda cha Miwani, karibu na Kisumu, 1922. Lugazi, Uganda, cha Nanji Kalidas Mehta, 1924. Ramisi kule Kwale, 1927. Kakira cha Madhvani, 1930. Hebu panga hizo tarehe kwenye mstari mmoja. Majani na sukari vimeanza kutengenezwa kwa wingi hapa hapa Afrika Mashariki ndani ya kama miaka 10, na lazima mtu avinunue.

Na nani atanunua? Mtu mwenye mshahara. Na mtu mwenye mshahara, upande wetu huu, alikuwa ni kibarua wa kahawa, au boi wa nyumba ya mzungu, au askari, au karani. Kuanzia 1919 na 1920 kila mwanaume Mwafrika aliyepita miaka 16 alitakiwa kubeba kipande, ile karatasi ya kazi kwenye kijimkebe cha chuma shingoni. Kodi ililipwa kwa pesa, kwa hivyo ilibidi utoke kwako uende kutafuta pesa. Hapo shambani alipewa posho ya unga. Alivuna kahawa siku nzima ambayo hakuruhusiwa kuilima kwake, maana kahawa ilikuwa ya walowezi. Meru, Embu na Kisii waliruhusiwa kidogo miaka ya 1930, lakini huku Kiambu mpaka miaka ya 1950 ndiyo milango ikafunguka, wakati wa mpango wa Swynnerton wa 1954. Ndiyo maana mpaka leo tunaishi kwenye mitaa inayoitwa Kahawa na tunakunywa chai. Kahawa ilikuwa kitu cha kubeba kwa gunia, si cha kunywa.

Chai ndiyo aliyoweza kufikia. Majani kidogo, maziwa kama yapo, na sukari. Na sukari ilifanya kazi ambayo majani peke yake hayangefanya: ilikupa nguvu ya haraka kwa bei ndogo. Mwanaanthropolojia mmoja, Sidney Mintz, aliandika kitabu mwaka wa 1985 kueleza jinsi kitu hicho hicho kilivyofanyika kwa wafanyakazi wa viwanda Uingereza. Mwaka wa 1700 Mwingereza wa kawaida alikula karibu kilo 2 za sukari kwa mwaka. Mwaka wa 1800 ilikuwa kama kilo 8. Kufika 1900 ilikuwa kilo 40 hivi. Hawakuzaliwa wakipenda hivyo. Walikuwa wamechoka, kazi ilikuwa ndefu, mkate ulikuwa mkavu, na kikombe kitamu cha moto kilifanya chakula baridi kionekane chakula. Si hiyo ni chai na mkate ya mtu wa mjengo hapa Mwihoko saa nne asubuhi? Ni hiyo hiyo.

Baada ya uhuru, sukari ikawa mradi wa taifa. Muhoroni na Chemelil miaka ya 1960, Mumias 1973, halafu Nzoia na Sony kule Awendo kabla ya 1980.  Wazazi wetu ni watoto wa viwanda hivyo. Wanakumbuka pia miaka ambayo sukari ilikuwa inapotea madukani, mtu ananong'onezewa kwamba duka fulani limepata, unapewa kilo moja na unaambiwa usiseme. Kitu kikiadimika namna hiyo kinapanda cheo. Sukari kabatini ikawa dalili kwamba nyumba hii iko sawa.

Hapa ndipo siwezi kuwacheka wazee. Mtu anayeweka vijiko vinne si mjinga. Alizaliwa kwenye lebo ya shamba la kahawa, mama yake alinunua sukari ya kufunga kwenye gazeti, na ile siku alipoweza kuweka bakuli la sukari mezani mgeni ajitilie mwenyewe, alijua umaskini umemwachilia. Sasa wewe kijana unakuja na simu yako unamwambia ni sumu.

Tata yangu, dadake baba, aliambiwa kliniki mwaka jana kwamba ana sukari. Tazama Kiswahili chetu cha Kenya hapo. Hatusemi hata kisukari, tunasema "ako na sukari," kama ni mali. Aliambiwa apunguze. Wiki hiyo hiyo chama chao kilikuwa kwake. Nilimkuta jikoni anapika chai ile ile, tamu mpaka kijiko kinasimama, na chupa mbili zimejaa tayari. Nikamuuliza, tata, si daktari alisema? Akaniambia, "Kwani nipee watu chai ya chungu wafikirie nimefilisika? Na nikikunywa yangu kando watauliza ni ugonjwa gani." Akainywa pamoja nao. Vikombe viwili.

Hilo ndilo linanisumbua. Haikuwa ulimi wake uliotaka sukari, ni heshima yake. Na maelezo ya kliniki hayana neno lolote kuhusu heshima.

Na si tata peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 kuhusu magonjwa kama kisukari na presha uliona kwamba Wakenya zaidi ya 8 kati ya 10 huongeza sukari mara nyingi au kila mara wanapopika au kutengeneza vinywaji nyumbani. Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka huo huo lilisema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu unayopata kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo ni kama gramu 25 kwa mtu mzima. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4 hivi. Fanya hesabu: chai mara tatu kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, ni gramu 36, na hapo hatujagusa soda, hatujagusa mandazi. Na wewe na mimi tunajua kijiko cha Mwihoko hakisawazishwi, kinarundikwa.

Sasa Pwani, nilisema nitarudi. Ukienda Mombasa au Lamu jioni utampata mzee na dele, ile birika ya shaba yenye mkaa chini yake, na vikombe vidogo bila mkono. Anauza kahawa chungu. Jina lenyewe limesema, hakuna aibu. Ina tangawizi, pengine iliki, na haina sukari. Utamu uko pembeni: kipande cha halua, au kashata, au tende. Unauma kidogo, unanywa kidogo. Oman wanafanya hivyo hivyo, kahawa na tende, na hiyo ndiyo heshima ya mgeni kwao. Hakuna Mswahili atakayekuambia kahawa chungu ni uzungu au ni umaskini. Wazee wa heshima ndio wanaokaa barazani kuinywa na kujadili siasa.

Kwa hivyo Afrika Mashariki tayari inajua kukaribisha mtu kwa kikombe kichungu. Ni sisi wa huku bara tulioingia kwenye vikombe kupitia duka na shamba la mlowezi ndio tunafikiri hakuna njia nyingine.

Na kokoa? Kokoa ndiyo kali zaidi, maana kokoa ilikaa bila sukari maelfu ya miaka. Mwaka wa 2018 wanasayansi walitangaza kwamba wamepata mabaki ya kakao kwenye vyungu vya Ecuador vya miaka kama 5,300 iliyopita. Wamaya na Waazteki waliinywa na pilipili, na vanila, na mara nyingi na unga wa mahindi. Soma hiyo tena. Unga wa mahindi, maji, na kakao iliyosagwa. Huo ni uji. Mexico mpaka leo wana kinywaji cha mahindi na chokoleti kinaitwa champurrado, na ukimpa shosho wa Githunguri bila kumwambia ni nini, atakuambia ucuru wako umeungua kidogo lakini si mbaya. Halafu walikuwa wanamimina kutoka chombo kimoja juu mpaka kingine chini ili kipate povu. Sisi tunafanya hivyo na vikombe viwili kupoza chai ya mtoto.

Wahispania waliteka mji wa Waazteki 1521, na ni baada ya hapo ndiyo kakao ilianza kutiwa sukari kama kitu cha kawaida. Sukari hiyo ilitoka visiwa vya Caribbean na Brazil, kwenye mashamba yaliyolimwa na Waafrika waliotekwa. Kufika 1657 kulikuwa na mtu London anatangaza kwamba anauza chokoleti ya kunywa. Ilikuwa ya matajiri. Mwaka wa 1828 Mholanzi, Van Houten, akapata hati ya mashine ya kukamua siagi ya kakao, na unga uliobaki ndiyo hii kokoa tunayoijua, yenye mafuta kidogo. Huko kwao Van Houten pia walianza kuitia chumvi za magadi ili ipungue ukali na ichanganyike na maji vizuri. Yaani ni akili ile ile ya shosho anayetia magadi kwenye githeri ngumu.

Cadbury walianza na duka Birmingham 1824. Walikuwa Wakristo wa dhehebu la Quaker, hawakupenda pombe, na waliuza kokoa kama kinywaji cha watu safi. Lakini kakao yao nyingi mwanzoni mwa karne ya 20 ilitoka São Tomé, kisiwa cha Wareno, ambako Waangola walipelekwa kama vibarua wa mkataba na hawakurudi kwao. Mwandishi Henry Nevinson alienda akaona, akaandika 1906 kwamba ni utumwa wa kisasa. Cadbury walikuwa wamesikia tangu 1901. Waliacha kununua huko 1909. Gazeti moja la London likawaita wanafiki, wakalishtaki kortini, wakashinda, na baraza likawapa fidia ya robo ya peni. Robo. Hiyo ni njia ya kistaarabu ya kumwambia mtu umeshinda lakini tumekuona.

Nimesema hayo yote ili ujue kwamba chokoleti tamu haikushuka kutoka mbinguni ikiwa tamu. Mtu alivuna muwa, mtu mwingine alivuna kakao, wote wawili bila hiari, halafu vikakutana kwenye kikombe cha mtu wa tatu. Utamu huo ndio tunaoita wa asili.

Huku kwetu chokoleti ya kunywa ilikuja kwenye mkebe. Kiwanda cha Cadbury cha Industrial Area, Nairobi, kilifungwa 2014, na mikebe sasa inatoka nje. Milo nayo ilibuniwa Australia 1934. Chukua mkebe wowote wa chokoleti ya kunywa dukani, ugeuze, usome viungo. Kwa kawaida kitu cha kwanza kuandikwa ndicho kingi zaidi, na kitu cha kwanza ni sukari. Kwenye mingi, sukari ni karibu robo tatu ya kilichomo. Sisi tunaifungua, tunatia vijiko vitatu, halafu tunaongeza sukari. Unanunua sukari iliyopakwa rangi ya kokoa, kwa bei ya kokoa. Hata kama huna ugonjwa wowote, hiyo peke yake ingekuudhi.

Na jambo la kuchekesha ni kwamba kakao iko karibu kuliko tunavyofikiri. Kenya hatulimi ya maana, lakini Bundibugyo, Uganda, wanalima. Kyela, kule Mbeya karibu na Ziwa Nyasa, wanalima. Beni, Kongo, wanalima katikati ya vita, na wakulima wanaogopa kwenda kuvuna. Sehemu kubwa inaenda Ulaya ikiwa mbegu kavu na inarudi ikiwa mkebe. Mwaka wa 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani, kitu ambacho hakikuwa kimewahi kutokea, ndiyo sababu mkebe umekuwa mdogo na bei imekuwa kubwa.

Basi napika hivi. Tafuta kokoa tupu, ile imeandikwa kokoa tu na haina kitu kingine kwenye viungo. Ni ghali ukiangalia mkebe, lakini unatumia kijiko kikubwa kimoja kwa kikombe, gramu 5 hivi, kwa hivyo inakaa. Kikombe kimoja: maji kiasi cha mililita 150, maziwa 100. Usitupe kokoa kwenye sufuria ya maji yanayochemka, itafanya madonge na utanilaumu. Weka kokoa kwenye kikombe, tia maji ya moto vijiko viwili, koroga mpaka iwe kama rojo laini. Kwenye sufuria chemsha maji yaliyobaki na kipande cha mdalasini na tangawizi iliyopondwa, na iliki moja kama unayo. Tia maziwa. Yakichemka tia lile rojo, punguza moto, acha dakika tatu. Usiharakishe hapo, maana kokoa ina wanga wake na ukiipa muda inakuwa nzito kidogo, na uzito huo unadanganya mdomo kwamba kuna kitu kitamu. Halafu tia chumvi, ile ya kushika kwa vidole viwili. Chumvi hupunguza uchungu kuliko watu wanavyoamini. Chuja, halafu mimina kutoka kikombe hadi kikombe mara tano au sita, juu juu, mpaka povu lije.

Kwa hesabu yangu hicho kikombe ni kama kalori 75, na nyingi ni za maziwa. Kile cha kawaida, maziwa matupu, vijiko vitatu vya mkebe na viwili vya sukari, kinapita 250. Ukinywa kila jioni, tofauti hiyo kwa wiki ni zaidi ya kalori 1,200.

Mambo mawili ya kusema ukweli. Maziwa yana sukari yake ya asili, kama gramu 5 kwa kila mililita 100, kwa hivyo nikisema bila sukari namaanisha bila ya kuongeza. Mtu anayepima sukari yake ahesabu maziwa pia, na aongee na daktari wake, si na mimi. La pili: asali ni sukari. Sukari nguru ni sukari. Tende iliyosagwa ni sukari yenye nyuzi. Nimeona watu wanamwaga asali vijiko vitatu wakisema wameacha sukari. Na zile tembe za kutia utamu, WHO mwaka wa 2023 ilishauri watu wasizitegemee kupunguza uzito, ingawa ushauri huo haukuwahusu wale ambao tayari wana kisukari. Mimi sizitumii kwa sababu nyingine: zinaufanya ulimi uendelee kudai utamu ule ule. Afadhali upunguze nusu kijiko kila wiki. Ulimi ni kama mtoto, hulia siku chache halafu huzoea.

Kwa tata sikuenda na hotuba. Nilienda na ngwaci. Viazi vitamu vya kuchemsha, vile vya kawaida, nikavikata vipande nikaweka kwenye sahani, na chokoleti kwenye vikombe vidogo vya kahawa, si vile vikubwa vya chai. Nikamwambia hivi ndivyo Waswahili wanakunywa kahawa yao, unauma kidogo unakunywa kidogo, na ni wazee wakubwa wanakunywa hivyo. Ngwaci ina utamu wake na ni wanga, kwa hivyo ni vipande viwili vitatu, si sahani nzima. Alikunywa kidogo akakunja uso. Akauma ngwaci. Akanywa tena. Akaniuliza kama hivyo vikombe vidogo vinauzwa Githurai, na ni pesa ngapi kwa dazeni, kwa sababu chama kinarudi kwake mwezi wa nane.